Mguu mmoja unakua kuliko mwenzake. Tumeitwa kwenye majaribio ya dawa ya kumeza, na kuna kidonge kitupu

FundiWaMwambao · 9 Novemba 2021

Assalamu alaykum na habari za jioni wenzangu. Samahanini kwa urefu, nimeandika usiku watoto wamelala.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Tanga, sasa naishi Ohio na mume wangu na watoto watatu. Swali langu linamhusu wa mwisho, nitamwita Bwana Mdogo maana ndivyo babu yake anavyomwita. Januari anatimiza miaka 7.

Alizaliwa mguu wa kulia ukiwa mnene kuliko wa kushoto. Kutoka nyonga mpaka chini ya goti una alama kama mtu kamwagia maji ya zambarau, na mgongoni upande huohuo pana nundu laini mfano wa kile kimto ninachochomekea pini zangu. Kidole gumba na cha pili vimeachana, pengo linaingia kidole changu. Mama mkwe alipoona picha akasema matende hayo, mwacheni baba yake amlete huku. Nikamwambia mama, hakuna mtu aliyezaliwa na matende. Akanyamaza siku mbili hakupokea simu.

Viatu nanunua pea mbili za saizi tofauti, natumia kimoja kimoja, vingine vimejaa kwenye mfuko chini ya kitanda. Suruali namshonea mwenyewe. Paja la kulia leo ni sentimita 41, la kushoto 33. Najua kwa sababu kila mwisho wa mwezi nampima kwa futi yangu ya kazini na kuandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mwisho. Mwaka jana mwezi huuhuu la kulia lilikuwa 37.

Tulihangaika miaka mitano. Hospitali ya kwanza walituambia ni alama ya kuzaliwa itafifia. Ya pili wakapima jeni kwa damu, hakuna kitu, wakarudia, hakuna kitu. Ya tatu ndiyo walikata kinyama kidogo cha ile nundu na kukipima chenyewe, wakaikuta hitilafu kwenye jeni inaitwa PIK3CA. Daktari akanieleza kwamba imetokea tumboni, chembe zimeshaanza kugawanyika, ndiyo maana zipo chembe zenye hitilafu na zipo zilizo salama, na kwenye damu haionekani. Haikutoka kwangu wala kwa baba yake. Nilikwenda kulia kwenye gari. Miaka sita nilikuwa nahesabu nilikula nini na mimba ile, nilibeba nini, nani nilimjibu vibaya.

Sasa wametwambia kuna majaribio ya dawa ya kumeza, alpelisib, kidonge kimoja kwa siku. Wiki 16 za mwanzo kompyuta inapiga kura: katika kila watoto watatu, wawili wanapata dawa na mmoja anapata kidonge kitupu kinachofanana nayo, na si mimi wala daktari atakayejua. Baada ya wiki 16 wote wanapewa dawa yenyewe. Fomu ya ridhaa ina kurasa 30 na zaidi, nimefika ya 11.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Kwanza, kidonge kitupu kwa mtoto mgonjwa, hii ni haki kweli? Pili, dawa hii nasikia ni ya saratani ya matiti. Mwanangu hana saratani. Tatu, na hili ndilo linaninyima usingizi: wiki 16 kwa mguu huu si kitu kidogo. Kwa daftari langu, wiki 16 ni sentimita moja na zaidi.

---

Nesi_Kariuki · 10 Novemba 2021

Pole sana mama, na hongera kwa hilo daftari. Usilitupe.

Mimi ni nesi, mtu wa Nyeri, nafanya kazi kwenye wodi ya utafiti huku Minnesota. Sio utafiti wako, kwa hivyo sina siri yoyote ya kukupa, lakini kazi ya kupeana vidonge bila kujua ni vipi naifanya kila siku.

Nianze na saratani maana ni rahisi. Jeni ya PIK3CA inatengeneza kitu kinachoiambia chembe “kua, gawanyika”. Ikiharibika inabaki imewaka, kama swichi ya taa iliyokwama. Kwenye matiti ya mtu mzima, pamoja na hitilafu nyingine, inaweza kuleta saratani. Kwa mtoto tumboni, ikitokea hiyo moja tu kwenye chembe chache, inaleta mafuta, mishipa na mifupa inayokua bila breki. Swichi ni ileile. Dawa ilipitishwa Marekani 2019 kwa saratani ya matiti, lakini kabla ya hapo kulikuwa na daktari wa Paris, Guillaume Canaud wa hospitali ya Necker, aliyefikiria kwamba kama swichi ni moja basi kidole cha kuizima kinaweza kuwa kimoja. Akaanza na panya waliotengenezewa hitilafu hiyo. Kisha wagonjwa 19, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2018. Wote 19 walipata nafuu: uvimbe wa mishipa ukapungua, moyo uliokuwa unashindwa ukapata nguvu, mgongo uliopinda ukanyooka kiasi.

Sasa utaniuliza, kama wote 19 walipata nafuu, kidonge kitupu cha nini tena? Hapo ndipo wazazi wengi wananikasirikia. Wale 19 hawakuwa na wa kulinganishwa nao. Kila mtu alijua wanakunywa dawa: mgonjwa, mama, daktari anayeuliza “leo unaumwa kiasi gani”. Na ugonjwa huu una tabia zake. Kuna watoto unakimbia, kuna wengine unatulia wenyewe miaka miwili. Ukimpa dawa yule aliyekuwa anatulia, dawa inapata sifa ambayo si yake. Nimeona kwenye wodi yangu mama anasema mwanangu amechangamka, uvimbe umelainika, kumbe kidonge kilikuwa kitupu miezi yote. Hakuwa mwongo. Alikuwa mama.

Kura ya mbili kwa moja ni nafuu, na kujua kwamba mwisho kila mtu anapata dawa ni nafuu zaidi. Tafiti nyingine hazina hilo. Uliza mambo mawili kabla ya kuendelea na ukurasa wa 12: nani anasimamia usalama kutoka nje ya kundi la watafiti, na mtoto akizidiwa ndani ya wiki 16 wanafungua siri au hawafungui. Na ujue unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu. Akishatimiza 7 na yeye ataulizwa, kwa maneno ya umri wake. Akikataa, nyumba nyingi za utafiti zinasikiliza.

Madhara ya kutazamwa ni sukari kupanda, kwa sababu njia ambayo dawa inaifunga ndiyo insulini inaitumia, halafu kuhara na vidonda vya mdomoni. Atachomwa kidole mara nyingi. Hilo litamuudhi kuliko kidonge.

---

BabaWaPacha_Leicester · 10 Novemba 2021

Dada, mimi wa Mombasa, niko Uingereza. Binti yangu mmoja wa pacha ana tatizo hilohilo la PIK3CA, mkono na kifua. Mwenzake hana kitu, ndipo nilipoamini maneno ya daktari kwamba si damu ya kwetu.

Yeye alipewa sirolimus, dawa ya kumeza ya zamani zaidi, ya watu waliobadilishwa figo. Nakuambia yaliyotupata, sikwambii uifuate au uikatae. Vidonda vya mdomo mpaka akawa anakunywa uji kwa mrija. Homa mbili za kulazwa. Uvimbe? Ulipungua kidogo, maumivu yalipungua zaidi. Mwaka 2019 ilichapishwa tafiti ya sirolimus kwa watu 39 wa ugonjwa huu: sehemu zilizokua zilipungua wastani wa kama asilimia 7, na watu 7 kati ya 39 iliwabidi waondolewe kwa ajili ya madhara. Kwangu mimi takwimu hiyo ilikuwa faraja, maana nilijua mwanangu si dhaifu, ni dawa ndivyo ilivyo. Wasingepima kwa utaratibu nisingelijua hilo.

Jambo moja hujaliuliza. Wanapima figo zake kwa ultrasound? Watoto wa aina hii, hasa wenye nundu za mafuta mgongoni, huangaliwa kila baada ya miezi mitatu wakiwa wadogo kwa sababu ya uvimbe wa figo. Sisi tulichelewa kuambiwa.

---

ShangaziPangani · 11 Novemba 2021

Mwanangu, nakusoma na machozi. Lakini hebu niambie, tangu lini mtoto wa miaka sita akawa wa kujaribiwa dawa? Wazungu wakitaka kujaribu si wana wa kwao? Mimi nina umri wa mama yako. Nimeona watu wakichukuliwa damu hapa na wasiletewe majibu mpaka leo. Msomeeni mtoto, mpake mafuta ya nyonyo yaliyosomewa, mngojeni akue. Mola aliyemuumba hivyo ana sababu yake.

---

FundiWaMwambao · 11 Novemba 2021

Shangazi shikamoo. Kisomo hakijakatika nyumbani kwangu, baba yake anamsomea kila Alhamisi na mafuta ya nyonyo yapo kwenye kabati ya jikoni pale juu. Sijaacha na siachi.

Lakini la kungoja akue silo, shangazi. Huyu tatizo lake ndiko kukua kwenyewe. Kila anapokua, ule mguu unakua zaidi yake.

Hilo la damu kuchukuliwa bila majibu sikubishii. Ndilo litakuwa swali langu la kwanza nikionana nao.

Baba wa Pacha, ahsante sana. Figo hawakunitajia. Leo asubuhi nimepiga simu, wamenipa miadi ya wiki ijayo, na yule aliyepokea simu akanyamaza kidogo kabla ya kunijibu.

Nesi, swali. Nimefika ukurasa wa 19. Wameandika kwamba dawa itahesabiwa imefanya kazi kama uvimbe umepungua asilimia 20 kwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili. Nimejaribu kuiweka kwenye futi yangu nikashindwa. Asilimia 20 ya 41 ni 8. Mguu uliokonda sentimita 8 ni mguu wa mtu mwingine!

---

Nesi_Kariuki · 12 Novemba 2021

Haha, hapana mama. Hiyo asilimia ni ya ujazo, kama maji yanayojaa kwenye chupa. Futi yako inazunguka nje ya chupa. Ujazo ukipungua 20 na urefu ukabaki uleule, mzunguko unapungua kama asilimia 10 na kitu. Kwa paja la 41 ingekuwa karibu 36.7.

Lakini hata hiyo si sawa, kwa sababu hawapimi paja zima. Wanachagua uvimbe mmoja hadi mitatu ndani ya picha, wanauchora mpaka wake kipande kwa kipande, na anayechora hajui mtoto anakunywa nini. Nyama nzuri na mfupa havihesabiwi. Kwa hiyo dawa inaweza kufaulu kwao na futi yako isione kitu, au futi yako ikaona na wao wasione. Usimshonee suruali mpya kwa kutegemea MRI.

Na mfupa uliokwisha kurefuka sidhani kama kidonge kitaurudisha. Hilo waulize watu wa mifupa.

---

Mlezi_Temeke · 15 Novemba 2021

Habari za humu. Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 11, yuko Dar. Nilivyosoma maelezo ya mama Bwana Mdogo nimetetemeka, ni yeye kabisa, alama ya zambarau na vidole vilivyoachana. Ametibiwa matende mara mbili. Shule wanamwita jina sitaliandika. Je, hii dawa tunaweza kuipata? Kuna mtu ananiambia anaweza kunitafutia ile ya saratani ya matiti kutoka nje.

---

Nesi_Kariuki · 15 Novemba 2021

Usinunue. Tafadhali. Vidonge vya matiti ni vya mama mzima, dozi yake ni miligramu 300 kwa siku. Bwana Mdogo kama akipata dawa anaanza na 50, na anapimwa sukari mara kwa mara. Wewe huna wa kukupimia.

Anza na jina la ugonjwa. Mwandalie picha za mguu tangu mdogo, hata kama ni za harusi na amesimama pembeni. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa mishipa, na useme alizaliwa nao, sema mara tatu kama hawasikii. Ultrasound ya mguu na ya tumbo zinapatikana Dar. Kama mtu anataka kumpasua au kumkata uvimbe, muulize kwanza kuhusu damu kuganda, kwa sababu mishipa ya watoto hawa imepanuka na damu inatuama, na bonge likitoka mguuni linakwenda kwenye mapafu. Hilo ndilo linaloua, si unene wa mguu. Soksi ya kubana inayomkaa vizuri itampunguzia maumivu kesho, bila kusubiri Paris wala Amerika.

---

FundiWaMwambao · 15 Novemba 2021

Mlezi, nitumie vipimo vyake pembeni. Mzunguko wa kifundo, wa ndama mahali panene, wa goti, wa paja, na urefu kutoka kisigino mpaka kinena. Mpime asubuhi kabla hajashuka kitandani, jioni mguu unakuwa umejaa. Soksi sitaweza kushona lakini najua wanakozitengeneza kwa vipimo, na suruali mbili za shule nitamshonea mimi.

---

FundiWaMwambao · 20 Februari 2022

Wapendwa nimerudi. Nilisaini. Ultrasound ya figo ilikuwa safi, alhamdulillahi.

Siku ya kusaini Bwana Mdogo naye walimpa karatasi yake yenye picha za katuni. Yule dada akamwuliza una swali? Akasema: “Kidonge kikiwa kitupu, ndani wameweka nini?” Dada akacheka, akamwambia unga usio na kazi. Akamwuliza tena: “Sasa kwa nini wasiweke pipi?” Akaandika jina lake, herufi moja imegeuka nyuma.

Kidonge cha kwanza kilikuwa 17 Januari. Anameza baada ya chakula cha asubuhi, na maji ya machungwa kwa sababu amekataa maji matupu. Kila safari ya hospitali ni saa tatu za gari, tunaondoka saa kumi alfajiri, na hapaswi kula mpaka atolewe damu ya sukari, kwa hiyo natoka na chapati zimefungwa kwenye foili nazo zinanukia njia nzima na hatuli hata mmoja wetu, baba yake akiwemo. Ni swaumu ya watu watatu.

Sasa wiki ya tano kaota vidonda viwili ndani ya mdomo. Wenzangu, nitawaambia ukweli, nilifurahi. Mtoto analia na mimi moyoni nasema, ndiyo yenyewe, tumepata dawa! Halafu nikaona haya.

---

Nesi_Kariuki · 20 Februari 2022

Usione haya, kila mama wa utafiti anakisia. Lakini vidonda vya mdomoni watoto wa shule wanavipata kila msimu wa baridi. Nishaona mtoto wa kidonge kitupu ana vidonda, na wa dawa hana hata kimoja. Wapigie simu leo uwaambie, hata kama ni Jumapili. Hawawezi kuandika wasichoambiwa, na kidonda kisichoandikwa kitamponza mtoto mwingine mbele.

Na Mama, usiwaambie kwamba unadhani ni dawa. Waambie vidonda viwili, wapi, tangu lini.

---

BabaWaPacha_Leicester · 7 Aprili 2022

Dada umeona habari? Marekani wameipitisha. Alpelisib kwa ugonjwa wetu, kuanzia umri wa miaka 2, kwa wale ambao hali yao ni nzito. Ni dawa ya kwanza kabisa kupitishwa kwa hili. Hapa nyumbani tumeshangilia kama goli.

Niliposoma ndani nikapunguza makofi kidogo. Hawakutumia utafiti wako, bado haujaisha. Wametumia kumbukumbu za wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa kwa huruma, nje ya majaribio. Kati ya 37 waliokuwa na picha za kulinganisha, 10 walifikia ile asilimia 20 ndani ya wiki 24. Ni idhini ya haraka, yenye sharti kwamba faida ithibitishwe baadaye.

Sasa swali langu kwako, na usinijibu kama hutaki: utaendelea kungoja wiki 16, wakati dawa sasa inaandikwa kwa cheti?

---

ShangaziPangani · 8 Aprili 2022

Mtoe mwanangu. Dawa ipo dukani, ya nini kumpa unga?

---

FundiWaMwambao · 10 Aprili 2022

Shangazi, Baba wa Pacha, swali hilo limenikalisha siku tatu. Ramadhani hii sijalala baada ya daku hata siku moja.

Tarehe 7 hospitali walinipigia wao wenyewe kabla sijawapigia. Wakanieleza kama alivyoeleza Baba wa Pacha, na wakasema kutoka ni ruhusa, hakuna atakayetununia. Nikawauliza bima. Hapo sauti ikabadilika. Dawa ina siku mbili sokoni, fomu za bima hazijatengenezwa, inaweza kuchukua wiki kadhaa, inaweza kukataliwa, tukate rufaa. Mimi zilizobaki ni wiki nne na siku kidogo, kisha dawa ni yake bila bima wala rufaa. Kwa hesabu ya kishonaji, sifumui nguo iliyobaki pindo.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Iko nyingine. Wale 10 kati ya 37, hakuna anayejua wangapi wangepungua wenyewe. Mlezi wa Temeke siku moja ataulizwa na mtu kama dawa hii inafaa au haifai, na mtu huyo hatakuwa na la kusoma ila karatasi za akina Bwana Mdogo. Sikumwambia mume wangu hili, angesema namtoa mwanangu sadaka. Labda ni kweli kidogo. Kama zingebaki wiki 14 na si nne, sijui ningekuwa mkarimu hivi.

Kuna kisa kingine, tuseme ni cha kuchekesha. Bwana Mdogo anataka kufunga nusu siku kama wenzake wa madrasa. Kidonge kinataka chakula na kinataka saa ileile kila siku. Nikawapigia, yule dada akaniuliza nusu siku ni saa ngapi mpaka saa ngapi, akaandika, akasema atamwuliza daktari. Jibu likaja: asihamishe. Kwa hiyo anakula asubuhi, anameza, kisha “anafunga” mpaka adhuhuri na anamwambia kila mtu kafunga.

---

Mlezi_Temeke · 11 Aprili 2022

Mama Bwana Mdogo, suruali zilifika Jumamosi. Ameivaa ya kijani shule, hajaivua mpaka usiku. Daktari bingwa tumemwona. Ameandika si matende. Nimeipiga picha ile karatasi nikaiweka kwenye simu.

---

Nesi_Kariuki · 11 Aprili 2022

Daftari linasemaje, mama?

---

FundiWaMwambao · 11 Aprili 2022

Machi 31, paja la kulia 42 na nusu. Tangu Januari limeongezeka nusu. Miezi kama hii mwaka jana liliongezeka moja na nusu.

Najua utaniambia nini, Nesi. Sijasema neno.

MRI ni tarehe 10 Mei. Idi itakuwa imepita wiki moja hivi, na namshonea kanzu nyeupe yenye tarizi kifuani. Nimekata kitambaa jana usiku, kwa mara ya kwanza nimemkatia nguo bila kupima miguu.